Nani Atakibeba Kikifika Mtaroni?

Gari la mtoto ambalo historia nyingi huanza nalo lilivutwa na mbuzi. Mwaka 1733 Duke wa tatu wa Devonshire, mmoja wa mabwanyenye wakubwa wa Uingereza, alimwagiza William Kent awatengenezee watoto wake kitu cha kutembelea bustanini. Kent alikuwa msanifu wa majumba na bustani, na kazi yake ilionyesha hivyo: kiti chenye umbo la kombe la baharini, magurudumu chini yake, na hatamu za kumfunga mnyama mdogo, mbuzi au farasi wa kimo kifupi. Watoto wanakaa, mnyama anavuta, bustani inapita polepole. Mama hayumo kwenye picha hiyo, na yaya pia hayumo. Hata hakuna aliyewazia kwamba siku moja gari kama hilo lingetumwa dukani kununua unga.

Nimeifuatilia historia hii kwa sababu ya shida ya kawaida kabisa. Mtoto wetu wa pili alizaliwa wakati kifungua mimba ana miezi 22. Tunaishi ghorofa ya tatu, nyumba haina lifti. Mtoto mchanga ana tarehe zake za chanjo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kijitabu cha kliniki hakijui kwamba una mwingine nyumbani. Huyu mkubwa anatembea, ndio, lakini anatembea kama mtalii: kila paka lazima asalimiwe, kila jiwe lazima liokotwe. Ukimfunga mdogo mgongoni, ukamshika mkubwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukabeba begi la nepi, basi ukifika kando ya barabara mikono imeisha. Boda ikitokea ghafla, utamvuta nani kwa mkono gani?

Kwa hivyo nikaanza kutafuta kigari cha watoto wawili. Nilisoma kuhusu upana, uzito, mikanda, rangi. Nikaona kwamba kila anayeuza anakuambia kigari chake kinafaa mtoto wa umri gani, lakini hakuna anayekuambia kinafaa barabara gani. Na barabara ndiyo habari yenyewe. Ukitazama historia ya vigari hivi tangu siku za mbuzi, kila mabadiliko yanajibu maswali mawili: ni nani anayesukuma, na ardhi anayosukumia ni ya nani?

Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya Kent, magari ya watoto yalivutwa kutoka mbele, na mvutaji alikuwa amempa mtoto mgongo. Mwaka 1853, jijini London, Charles Burton alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa gari la mtoto la magurudumu matatu linalosukumwa kutoka nyuma. Ni badiliko dogo, kuhamisha mpini tu. Lakini sasa anayesukuma angeweza kuona kofia ikidondoka, au mtoto akiteleza kwenye kiti. Gari likaitwa perambulator, neno ambalo kabla ya hapo lilitumiwa na wapima ardhi kwa gurudumu lao la kupimia umbali wa barabara. Waingereza wakalikata likawa pram, nasi tukalipokea likawa pramu. Ninapenda kwamba jina hilo lilitoka kwa wapima barabara. Kama kuna mtu anayejua hali ya kila sentimita ya njia, ni mama anayesukuma watoto.

Hata London pramu hazikupokewa kwa vigelegele. Sheria ya Barabara ya 1835 ilikuwa imekataza kupitisha mifugo na magari ya aina yoyote kwenye njia ya watembea kwa miguu. Sasa wanawake walipotokea na vitu vyenye magurudumu kwenye njia hizo hizo, swali likaja: hiki ni gari ama si gari? Wapo waliolalamika kwamba pramu zinawaziba njia na kuwagonga miguu. Mwishowe pramu zilishinda, lakini zilishinda kwanza mahali ambapo wenye pramu walikuwa watu wa uwezo, wenye njia zilizotandazwa mawe laini na bustani za kupunga hewa. Kampuni kama Silver Cross, iliyoanza Uingereza mwaka 1877, zilitengeneza pramu za springi na magurudumu makubwa kama ya magari ya farasi. Za mapacha zilikuwa na kofia mbili, moja kila upande, watoto wakilala miguu ikielekeana katikati. Na mtoto mkubwa akiwepo pamoja na mchanga, familia nyingi ziliweka kikalio kidogo juu ya pramu, mkubwa akaketi hapo juu huku mdogo amelala ndani. Basi shida yangu si mpya hata kidogo.

Marekani nako kulikuwa na mtu wa kukumbukwa. Mwaka 1889 William H. Richardson, Mmarekani Mweusi wa Baltimore, alipata hataza ya pramu ambayo kitanda chake kinaweza kugeuzwa, mtoto atazame mbele au amtazame anayemsukuma. Leo ukienda dukani, muuzaji atakuonyesha kiti kinachogeuka kana kwamba kilivumbuliwa jana. Utumwa ulikuwa umefutwa Marekani mwaka 1865, miaka 24 tu kabla ya hataza hiyo. Na katika Marekani hiyo hiyo wanawake wengi Weusi walikuwa wameajiriwa kulea na kusukuma watoto wa Wazungu. Mweusi aliboresha gari, Mweusi akalisukuma, na anayelala ndani mara nyingi alikuwa mtoto wa mwingine.

Hapo ndipo hadithi inapovuka bahari na kufika Nairobi, kwa sababu pramu ilikuja kwetu kwa mpangilio huo huo wa kazi. Jiji hili lilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Walowezi na maafisa walikuja na familia zao, na watoto wao wakahitaji mtu wa kuwatunza. Yaya. Neno lenyewe lina safari ndefu: Wareno walisema aia, India likawa ayah, kisha likavuka hadi kwetu. Yaya wa Kiafrika alisukuma pramu katika mitaa yenye miti, nyua pana na barabara nzuri, mitaa ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuishi isipokuwa kwenye chumba cha nyuma cha mwajiri.

Upande mwingine wa jiji, hesabu ilikuwa tofauti. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kama mwanamume mfanyakazi aliyekuja kwa muda. Mke na watoto walitakiwa kubaki mashambani. Makao mengi ya wafanyakazi yalihesabu kitanda badala ya familia. Pumwani, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1920, ilijengwa mbali na mitaa ya Wazungu, na ni hadi miaka ya 1940, na mitaa kama Kaloleni, ambapo baraza la jiji lilianza kujenga kwa dhati nyumba za familia za Kiafrika. Sasa fikiria: kama aliyechora jiji hakutarajia uwe na mtoto hapo, atakuchorea vipi njia ya kumsukuma? Ule mtaro wa wazi kando ya barabara yako, ule ubao wa kuvukia unaocheza ukiukanyaga, ni wa hivi karibuni labda. Lakini mazoea ya kuchora jiji bila kumwaza mama mwenye watoto wawili yana umri mkubwa kuliko jamhuri.

Si kwamba mama zetu walikaa wakisubiri magurudumu. Wakikuyu walikuwa na ngoi, ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Pwani kulikuwa na mbeleko, kitambaa cha kubelekea mtoto, na leso ikaja kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Neno leso nalo ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 vitambaa hivyo vilishonwa pamoja vikawa vazi, na Mombasa wakabaki na jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kila mpenda leso analijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa mwaka 1887, miaka miwili kabla ya hataza ya Richardson. Leso huuzwa kwa doti, mbili mbili. Moja ujifunge, ya pili umfunge mtoto. Ukipenda, hicho ndicho kigari chetu cha watu wawili, mama na mwana, na kinakunjwa kikaingia mkobani.

Ila mbeleko inabeba mmoja. Wakiwa wawili, mila ilikuwa na jibu jingine: mkubwa anabebwa na dada yake, na shangazi, na shosho, na jirani. Gurudumu la pili lilikuwa binadamu. Nairobi ya leo shosho yuko Nyahururu, shangazi yuko kazini hadi saa mbili usiku, na jirani hujui hata jina lake. Ndiyo maana tunanunua chuma.

Chuma hicho chepesi tunachokijua kilitokana na ndege za vita. Owen Maclaren alikuwa mhandisi wa ndege Mwingereza aliyefanya kazi kwenye magurudumu ya kutulia ya ndege ya Spitfire, yale yanayokunjwa na kufichwa ndani ya mabawa ya ndege ikishapaa. Alipostaafu, binti yake alikuja kumtembelea kutoka Moscow na mtoto mdogo, na babu akaona jinsi kigari cha mjukuu kilivyo kizito na kigumu kusafiri nacho. Mwaka 1965 akaomba hataza ya kigari cha mabomba ya alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Kilikuwa na uzito wa kilo 3 hivi. Miaka michache baadaye kikaanza kuuzwa, na ghafla mama wa kawaida asiye na yaya angeweza kupanda basi: mtoto mkono mmoja, kigari kilichokunjwa mkono mwingine. Kwangu mimi hapo ndipo historia inageuka. Kwa mara ya kwanza mtengenezaji aliwaza ngazi, na akamwaza mtu ambaye hana wa kumsaidia.

Muongo huo huo, safari nyingine ilikwenda kinyume. Muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alitumwa Togo na Peace Corps. Huko aliwaona akina mama wakibeba watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wametulia. Aliporudi kwao akajifungua, akajaribu kumfunga bintiye vivyo hivyo, lakini mtoto akawa anateleza. Akamwomba mama yake amshonee kibebeo chenye mikanda ya mabegani. Mwaka 1969 kikapata hataza, kikauzwa kwa jina Snugli, na vibebeo vingi vinavyouzwa leo kwenye maduka ya Nairobi kwa bei ya kukushtua ni wajukuu wake. Moore hakuficha alikojifunza. Lakini hataza haina mstari wa kuandika majina ya wanawake wa Togo. Uingereza ilituuzia magurudumu, Marekani ikaturudishia mbeleko ikiwa na vifungo vya plastiki.

Sasa tuje kwa vigari vya wawili vyenyewe, maana najua kuna msomaji aliyefika hapa akiwa na tumbo la miezi minane na anataka jibu.

Viko vya aina mbili kuu. Cha kwanza, watoto wanakaa ubavu kwa ubavu. Kila mtoto anaona mbele, uzito umegawanyika sawa, na kukiinua juu ya ukingo ni rahisi kidogo. Shida ni upana: vingi vina sentimita 75 hivi. Kabla hujapenda rangi, chukua utepe upime mlango wako, geti dogo la ploti, na nafasi kati ya rafu za duka lako la mtaa. Geti letu dogo, lile linaloachwa wazi mchana, lina sentimita 70. Hesabu ikaishia hapo.

Cha pili, watoto wanakaa mmoja mbele ya mwingine, au mmoja juu na mwingine chini. Phil&teds, kampuni ya New Zealand, ilijijengea jina kwa mtindo huo wa juu na chini, kwenye tairi tatu za kujaza upepo. Hiki kinapita popote kinapopita cha mtoto mmoja. Bei yake ni urefu. Kukigeuza kwenye kona unahitaji nguvu za mabega, na mtoto wa mbele akiwa mzito, kukiinua juu ya ukingo unakanyaga nyuma na kusali. Wa chini naye haoni kitu, na yuko karibu na vumbi na moshi.

Kwa mchanga na mkubwa kuna sharti moja lisilo na mjadala: kiti cha mchanga lazima kilale chali. Shingo yake bado haijakaza, na kumkalisha wima kunaweza kuinamisha kichwa chake hadi apumue kwa shida. Mpaka aweze kukaa mwenyewe, karibu miezi 6, alale. Vigari vingi vya ubavu kwa ubavu vya bei ya chini havina kiti cha kulala kabisa, vimetengenezwa kwa mapacha waliokwisha kukaa. Uliza swali hilo kwanza, kabla ya bei.

Wengi wetu tutanunua vya mitumba kutoka Uingereza, ex-UK kama wenyewe wanavyoziita. Si vibaya. Vingi vimetumika mwaka mmoja tu kwenye njia laini. Lakini usinunue kwa macho. Kifunge breki halafu ukisukume kwa nguvu. Kifungue na kukikunja mara tatu, usikilize kama kufuli ya fremu inaingia. Angalia mikanda kama iko mitano, miwili ya mabega, miwili ya kiuno na mmoja wa katikati ya miguu. Tazama bawaba za pembeni: mwaka 2009 karibu vigari milioni 1 vya Maclaren viliitishwa virudishwe Marekani kwa ajili ya kufunikwa bawaba, baada ya vidole vya watoto kukatwa wakati vikifunguliwa. Kwa hivyo mtoto asiwe karibu unapokifungua. Mwisho, uliza kama kiti cha pili kipo, maana vingi hufika bila hicho na muuzaji atakuambia ati utakipata mbele. Tairi za upepo zisikutishe. Fundi wa baiskeli wa mtaani ataziba pancha kama anavyoziba ya baiskeli ya mtoto.

Na piga hesabu ya uzito. Mkubwa wa miaka miwili ana kilo 12 hivi, mchanga kilo 4 au 5, kigari chenyewe kilo 14 hivi. Hizo ni kilo 30, kabla ya unga.

Siku nilipoleta picha za vigari nyumbani, nilimwonyesha dada anayenisaidia na watoto siku tatu kwa wiki. Watoto tumewazoesha kumwita anti, kama nyumba nyingi za Nairobi. Alizitazama zote, akapenda moja ya kijani. Kisha akaniuliza, "Mama, hii ikifika pale kwa mtaro, nani ataibeba? Mimi ama wewe?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna tangazo linalouliza. Na ukweli ni kwamba hata Uingereza, nchi ya njia laini, swali la nafasi limefika mahakama ya juu kabisa. Mwaka 2012 Doug Paulley, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ya kiti chake ilikuwa na mama mwenye kigari na mtoto aliyelala, akasema kigari hakikunjiki. Paulley akabaki kituoni. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na Januari 2017 majaji wakasema dereva hawezi kuishia kuomba tu kisha akaacha. Lazima afanye zaidi kumshawishi mwenye kigari asogee, ingawa hawakusema ashushwe kwa nguvu. Ninapoisoma kesi hiyo sioni adui. Naona watu wawili waliowekewa nafasi moja.

Sisi hata hiyo moja hatuna ya kugombania. Tangu sheria za Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, nissan ya abiria 14 ni ya abiria 14 na mikanda, angalau kwenye karatasi. Ukiwa na mtoto unampakata, halipi. Ukiwa na wawili unampakata mmoja na unamwombea mwingine huruma ya jirani. Ukiwa na kigari cha wawili, makanga hata hasimami. Nimewahi kuambiwa, "Mathe, hiyo panda nayo pick-up." Sikumchukia. Gari lake halikuchorwa na mtu aliyeniwaza, na langu halikuchorwa na mtu aliyemwaza yeye.

Kinachonikera ni kwamba maandishi mazuri tunayo. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa injini, ya watembea kwa miguu na baiskeli, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili yao. Katika jiji ambamo watu wengi sana huenda kazini kwa miguu, hiyo ilikuwa ahadi ya haki. Zipo barabara ambako utaiona ahadi hiyo: njia pana, miteremko kwenye kona, ukingo uliokatwa. Kisha unasukuma mita mia mbili, na njia inageuka kuwa maegesho, kisha kibanda, kisha mtaro.

Mahali ambapo kigari changu kinabingirika bila ugomvi ni Karura. Nikiwa pale Jumamosi huwa nakumbuka kwamba msitu huo ulikuwa ugawanywe kwa wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda kupanda miti na akapigwa hadi akaumizwa kichwani. Miaka kumi kabla ya hapo, 1989, alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Leo kwenye njia zile za udongo familia zinapita na vigari vya kila aina. Bado unalipa getini, na si kila mtu anaweza. Lakini ardhi ipo, na ipo kwa sababu kuna mtu aliyekubali kupasuliwa kichwa ili iwepo. Duke wa Devonshire alikuwa na bustani yake mwenyewe kwa ajili ya mbuzi wake. Sisi tunaotumia ya umma lazima tuipiganie.

Tulinunua cha mtindo wa mbele na nyuma, ex-UK, chenye tairi za upepo. Kinalala chini ya ngazi, kimefungwa mnyororo, kwa ruhusa ya keateka. Kwa safari za kliniki hatukitumii. Siku hizo mdogo yuko mgongoni kwa leso, mkubwa yuko kwenye kigari chepesi cha mtoto mmoja, cha ukoo wa Maclaren, na tukifika kwenye mtaro tunakikunja na mkubwa anavushwa kwa mkono. Yaani jibu la swali letu lilikuwa Mombasa na Spitfire pamoja. Kile cha wawili ni cha Jumamosi, na cha jioni ndani ya ploti.

Na swali la anti nimelijibu kwa njia nyingine pia. Pwani, mwanamume anapooa, kati ya malipo ya desturi kuna linaloitwa mbeleko au ubeleko. Linapewa mama wa bibi harusi, kwa ajili ya kile kitambaa alichombebea binti yake. Nalipenda sana wazo hilo. Linasema kubeba mtoto ni kazi, kazi hiyo ina deni, na deni lina mtu wa kulipwa kwa jina. Historia ya pramu haina kitu kama hicho. Inamkumbuka Kent, Burton, Richardson na Maclaren, lakini wanawake waliosukuma kwa karne mbili haiwataji, wala wa London wala wa Muthaiga.

Anti ana mtoto wa miaka minne, anayelelewa na mama yake Busia. Huku anasukuma wa kwangu, kule shosho anabeba wa kwake. Kenya ina kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa nyumbani, na hicho ndicho mahali pa kuanzia, si mahali pa kujisifia. Siku za kliniki tunakwenda wote wawili, na siku hizo zinahesabiwa kazi kamili, na nauli juu. Disemba atakwenda Busia wiki tatu bila kukatwa. Amesema atarudi na mtoto wake aje aone Nairobi, akakague na hiki kigari, maana amekisikia sana kwenye simu.

Nimepima kiti cha mbele. Kinabeba hadi kilo 20. Atatosha.